Kuingia miombo bila kibiriti

Kata ya Cheyo iko mjini Tabora hasa, na mgeni aliyefikia hapo anaweza kumaliza siku tatu asione msitu. Lakini akishika barabara ya Sikonge au ya Urambo, mashamba ya mahindi na tumbaku yakiisha, msitu wa miombo unaanza, na hauishi leo wala kesho. Aliyepotea humo huuawa na kiu.

Kwa hiyo maandalizi yote yafanyie mjini. Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na kiangazi kikikolea ongeza, maana miti mingi imepukutisha majani na kivuli unachokiona kwa mbali ukikifikia ni matawi matupu. Na usiharakishe maandalizi: hata mpelelezi David Livingstone, aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi, alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi na vifaa. Tembe alilokaa lilijengwa upya na sasa ni makumbusho. Pitia hapo kwanza, ni karibu. Miembe utakayoiona njiani ni alama ya njia ya misafara ya zamani kwenda Ujiji.

Chakula: nunua matobolwa sokoni. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani hadi vikakauka. Usivichanganye na michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ingali mbichi, kwa hiyo inataka kupikwa. Matobolwa unayatafuna hivyo hivyo pamoja na karanga, na hayaozi kwenye mkoba. Ninayasisitiza kwa sababu moja: ukiwa nayo huna haja ya kuwasha moto.

Kibiriti kiache Cheyo. Kufikia Juni nyasi chini ya miti zimeanza kukauka, na kufikia Septemba kishungi kimoja cha sigara kinatosha kupeleka moto kichaa vijiji viwili mbele. Miti mikubwa kama mninga na mtundu mara nyingi huponea kwa gome lake nene. Yanayokufa ni machipukizi, yaani msitu wa kesho. Wenye ujuzi huchoma mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto upite chini chini bila kuunguza mizizi. Hiyo ni kazi ya wenyeji na maofisa wa misitu, si ya mgeni mwenye hamu ya chai.

Vaa nguo za kaki au rangi ya udongo. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi, na baadhi yao hueneza malale. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu, kwa sababu kifutu hakimbii ukimkaribia. Hutulia kwenye majani makavu hadi umkanyage. Vinyuki vidogo visivyouma vitakuingia machoni na puani kutafuta jasho. Vinaudhi tu, funga kitambaa usoni uendelee na safari.

Ukipotea, kaa chini kwanza. Miombo kila upande inafanana, na anayekimbia huzunguka palepale. Tega sikio: kengele ya baiskeli au mlio wa shoka husikika mbali. Njia ya ng'ombe iliyokanyagwa vizuri nayo ni rafiki. Ncha moja iko majini, nyingine zizini. Mwenyeji akikuambia ufuate mbuga, usitazamie twiga. Kwa watu wa huku mbuga ni bonde wazi la udongo mweusi, ambalo masika hunasa gari hadi milangoni.

Kabla ya kuingia msitu wa kijiji, pita ofisi ya kijiji ueleze shida yako. Kwa hifadhi za serikali kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Salimia "Mwangaluka" asubuhi, halafu omba mtu wa kukuongoza. Mrina asali ndiye bora. Atakuonyesha mlembe, ndege anayeita watu kwenye nyuki wa porini, na atakuonyesha pia jambo la kusikitisha: mti uliosimama mkavu, umechunwa gome lote kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa. Fundi alikata pete mbili kuzunguka shina, akapasua mstari mmoja kati yake, akalivua gome kama shati, akalishona kwa vijiti likawa mzinga. Mti hufa. Mzinga wenyewe haudumu miaka mingi, naye fundi huvua mti mwingine.

Ndiyo maana ukinunua asali, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza imetoka kwenye mzinga gani. Ikiwa ni wa mbao, na muuzaji akakuonyesha bomba la moshi la kufukizia nyuki badala ya mwenge wa nyasi, mlipe anachotaka. Kisha funga ndoo kwa mfuniko unaobana kabisa, kwani safari ya treni kurudi Dar es Salaam ni ndefu na abiria wenzako hawatapenda kukalia asali yako.