Mama mjamzito: kutibiwa ni haki yako

Miaka ya nyuma hapa Burundi, mjini Bujumbura na mikoani, mama asiye na fedha aliweza kuzuiliwa hospitalini pamoja na mtoto wake mchanga mpaka deni lilipwe. Mwezi Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua, na ya kutibu watoto wa chini ya miaka 5, katika vituo vya umma. Wazazi wengi zaidi wakaja kutibiwa. Hivyo umaskini usimfungie mama nyumbani.

Nenda kituo cha afya haraka, usiku au mchana, ukiona:

1. Damu inatoka.
2. Kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso umevimba.
3. Degedege au homa kali.
4. Mtoto tumboni amepunguza kucheza.
5. Mtoto mchanga hanyonyi, anapumua mbiombio, au mwili wake ni baridi.

Baba, panga mapema nani atamsindikiza mama na nani atabaki na watoto.

Ukirudishwa bila kutibiwa, usinyamaze. Ieleze kamati ya kambi siku, saa na huduma uliyonyimwa. Mama mkimbizi na mama mwenyeji, uhai wao ni sawa.