Saa Mbili Usiku: Lugha ya Mlalamishi na Fedha za Umma Katika Huduma za Polisi Mtandaoni

Utangulizi

Mtu anayefika katika kituo cha polisi nchini Kenya kuripoti kisa aghalabu husimulia kwa Kiswahili. Afisa wa zamu humsikiliza, humuuliza maswali kwa Kiswahili hicho hicho, kisha huinama na kuandika kwa Kiingereza katika Kitabu cha Matukio, ambacho wananchi hukiita OB. Mlalamishi hupewa nambari ya OB kwenye kikaratasi na kwenda zake. Tafsiri imefanyika pale kaunta, ingawa hakuna aliyeiita tafsiri. Hakuna aliyeilipia wala aliyeikagua, na mara nyingi mwenye maneno hasomewi yaliyoandikwa kwa niaba yake.

Jambo hili limepata uzito mpya. Kwa miaka kadhaa sasa, maafisa wa serikali wamekuwa wakitangaza azma ya kukihamisha Kitabu cha Matukio kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta. Baadhi ya huduma za polisi, kama vile maombi ya cheti cha mwenendo mwema, tayari hupitia eCitizen, jukwaa la serikali lililoanzishwa mwaka 2014. Mijadala kuhusu mabadiliko haya huelekea kwenye kompyuta, umeme na zabuni. Makala haya yanadai kwamba lugha ya mlalamishi nayo ni sehemu ya gharama ya huduma. Isipotengewa fungu lake katika bajeti, fedha za umma zitanunua mashine ya kurudia kosa la kaunta, tena kwa kasi zaidi.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara ya 49 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ibara ya 50(2) inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo endapo haelewi lugha ya kesi. Mlalamishi hatajwi katika vifungu hivyo viwili vya lugha. Anayeshukiwa kuiba ng'ombe amewekewa kinga ya lugha, ilhali aliyeibiwa ng'ombe anategemea Kiingereza cha afisa aliyemkuta zamu.

Mahakamani, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, na Kiingereza katika Mahakama Kuu. Kwa hivyo kumbukumbu zinazopanda kutoka ngazi moja hadi nyingine huelekea kuwa za Kiingereza, na afisa wa kaunta hufanya jambo la busara kwa mtazamo wake: anaandika kwa lugha ambayo faili itaishia. Tanzania ilichukua mkondo tofauti mwaka 2021, bunge lake lilipobadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tofauti hiyo si ndogo kwa anayeunda fomu ya polisi, kwa kuwa fomu ni mlango wa kwanza wa faili ile ile.

Yanayopotea njiani

Tuanze na saa. Mlalamishi anasema alivamiwa "saa mbili usiku". Afisa mzoefu huandika saa 20:00 bila kufikiri. Fomu ya mtandaoni haina uzoefu huo. Inaonyesha kisanduku cha saa, kutoka 00:00 hadi 23:59, na mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili anaweka 02:00. Amekosea kwa saa sita, lakini kwa mujibu wa lugha yake hakukosea. Miezi kadhaa baadaye anasimama kizimbani na kusema kweli, yaani saa mbili usiku, huku wakili wa upande wa pili akiwa na karatasi inayosema saa nane. Sheria ya ushahidi inaruhusu maelezo ya awali ya shahidi kutumiwa kumpinga yanapogongana na anayoyasema mahakamani.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwa desturi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu ni usiku unaotangulia Ijumaa, yaani ule ambao kalenda ya kompyuta inauita Alhamisi. Ndiyo sababu lugha imehifadhi usemi "usiku wa kuamkia", ambao unaondoa utata wote kwa maneno matatu. Kalenda ya kubofya haina nafasi ya usemi huo.

Kisha kuna vitenzi. Kiswahili kina utajiri wa pekee katika uwanja wa maana wa wizi: kuiba, kudokoa, kuchomoa, kukwapua, kupora, kunyang'anya, kutapeli. Kila kimoja kinaeleza namna. Anayedokoa huchukua kidogo kidogo; anayekwapua hunyakua na kukimbia; anayenyang'anya hukabiliana na mwenye mali. Wakazi wa Nairobi wameongeza "kupigwa ngeta", yaani kukabwa shingo kutoka nyuma na kuporwa. Tofauti hizi si za kifasihi tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hutofautisha wizi na unyang'anyi kwa kigezo cha nguvu au tishio la nguvu. Kifungu cha 296(2) kinaenda mbali zaidi: mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, au akimjeruhi au kumpiga mtu, kosa ni lile ambalo Wakenya huliita wizi wa mabavu, lililoandikiwa adhabu ya kifo. Maneno "nilipigwa ngeta na vijana wawili" yamebeba nguvu na idadi kwa pamoja. Yakigeuzwa kuwa "aliibiwa simu", kosa limeshuka ngazi kabla mpelelezi hajaiona faili.

Mnyambuliko wa vitenzi hufanya kazi nyingine ambayo haionekani kwa haraka. "Simu imepotea" ni kauli isiyo na mtendaji. "Simu imeibwa" ina mtendaji aliyefichwa. "Nimeibiwa simu" humweka mwathiriwa mbele kama kiima, kwa sababu kiambishi cha kutendea kimeungana na cha kutendwa. Wengi husema "simu imepotea" hata wanapojua imeibwa, maana wanachotaka ni hati ya polisi ya kupeleka kwa kampuni ya simu wapate laini mpya. Fomu inayotoa chaguo la "mali iliyopotea" kwanza, kwa wepesi wa kubofya, itavuna mali nyingi zilizopotea na wezi wachache. Takwimu za uhalifu zitapungua bila mwizi hata mmoja kuacha kazi.

Pagumu kuliko pote ni katika makosa yanayokingamana na haya. Mtoto aliyenajisiwa husema "alinifanyia tabia mbaya". Mahakama za Kenya zimelazimika zaidi ya mara moja kuamua, chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iwapo usemi huo unatosha kuthibitisha kitendo, na Mahakama ya Rufani imewahi kukubali kwamba watoto hutumia tasfida kwa sababu ya umri na aibu. Uamuzi kama huo uliwezekana kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa yamebaki katika kumbukumbu kwa Kiswahili. Pengine mahali ambapo karani aliandika tu kwamba mtoto "alisumbuliwa", hapakuwa na tasfida ya kufasiri. Fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuthibitisha majeraha, imeandikwa kwa Kiingereza. Mwathiriwa huibeba mkononi kutoka kituoni hadi hospitalini bila kujua inasema nini juu ya mwili wake.

Nani anaandika?

Hapa ndipo huduma ya mtandaoni inapoleta jambo ambalo karatasi haikuwahi kuleta. Katika Kitabu cha Matukio, mwandishi ni polisi, na mlalamishi ni nafsi ya tatu katika kisa chake mwenyewe. Katika fomu ya mtandaoni, mlalamishi anaandika mwenyewe. Kwa mara ya kwanza, maneno ya kwanza ya faili yanaweza kuwa maneno yake, na tafsiri, kama inahitajika, ikaja baadaye huku asilia ikiwa imehifadhiwa kando yake. Atakayesoma miaka mitatu baadaye ataona "nilipigwa ngeta" na tafsiri yake, na ataweza kuhoji tafsiri.

Nafasi hiyo inaweza kupotezwa kwa urahisi. Orodha ya makosa ya kuchagua, iliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa neno kwa neno, humrudisha mlalamishi kwenye nafsi ya tatu. Fomu yenye visanduku 20 na mistari miwili ya maelezo imeshaamua kwamba simulizi si muhimu. Wanaotaka takwimu safi hupenda visanduku, na hawana makosa: polisi wanahitaji kujua ni wapi pikipiki zinaibwa kwa wingi. Lakini takwimu zinaweza kutolewa na afisa aliyesoma simulizi, ilhali simulizi haiwezi kutolewa katika takwimu.

Kuna pia wale ambao mtandao hauwafikii. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 22.6 tu ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walitumia intaneti. Mijini ilikuwa asilimia 42.5 na mashambani 13.7. Idadi hizo zimepanda tangu hapo, ila pengo la mji na shamba si la kupuuzwa. Wapo pia ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, na mama anayetumia simu moja na mume anayempiga. Hao wanahitaji kaunta yenye mtu. Iwapo kituo kitaanza kuwaambia wanaofika kwa miguu "nenda ukajaze mtandaoni", huduma itakuwa imepunguza upatikanaji wa polisi kwa gharama ya walipa kodi.

Fungu la bajeti

Kenya haijashindwa kutumia fedha nyingi kwa teknolojia ya polisi. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 ya kuweka mfumo wa mawasiliano na kamera za usalama, hasa katika miji ya Nairobi na Mombasa. Bungeni kulizuka mjadala mkali kuhusu zabuni na bei. Kamera, hata hivyo, haiulizi mtu swali. Fomu huuliza, kwa hivyo anayenunua fomu ananunua lugha pia, ajue asijue.

Tatizo la kibajeti limo katika aina ya matumizi. Tovuti, kompyuta na nyaya huhesabiwa kuwa matumizi ya maendeleo: hununuliwa mara moja, huzinduliwa, utepe hukatwa. Kusoma taarifa zinazoingia usiku na mchana, kuzijibu, kuzitafsiri na kurekebisha istilahi ni matumizi ya kawaida, ambayo hurudi kila mwaka na hayana sherehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ielekezwe kwenye maendeleo katika kipindi cha wastani. Ni kanuni njema kwa barabara na mabwawa. Kwa huduma ya kuripoti uhalifu inaweza kuzaa jengo lisilo na mlinzi: kisanduku cha ujumbe kinachopokea vilio na kutoa nambari ya kumbukumbu, basi. Aliyewahi kupewa nambari ya OB na asisikie lolote tena anaijua hali hiyo.

Wales imepitia njia inayofaa kutazamwa. Sheria ya Lugha ya Kiwelisi ya 2011 ilianzisha viwango ambavyo mashirika ya umma yanaweza kulazimishwa kufuata, na vikosi vyote vinne vya polisi vya Wales vina kurasa za Kiwelisi. Hakuna afisa anayeweza kusema kwamba wasemaji wa Kiwelisi wanajua Kiingereza na hivyo gharama haina maana. Karibu wote wanajua Kiingereza, na bado sheria inasimama. Kenya, ambako wengi wa walalamishi husimulia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha wanayoimudu, haina kanuni ya aina hiyo inayoeleza Ibara ya 7 inadai nini katika kaunta ya polisi au katika fomu yake. Jirani yake amekwisha kuonyesha kwamba kazi yenyewe inawezekana: Jeshi la Polisi la Tanzania hupokea taarifa za mali iliyopotea kwa njia ya mtandao, na Kiswahili kimo.

Fungu linalohitajika si kubwa likilinganishwa na bilioni 14.9. Ni malipo ya wanaisimu na wanasheria kuketi pamoja na kutunga istilahi za makosa. Malipo ya kuijaribu fomu Likoni, Kitui na Kibra kabla ya kuizindua. Kisanduku cha saa kinachouliza asubuhi, mchana au usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Sauti iliyorekodiwa kwa asiyesoma. Na watafsiri wa kudumu, wenye mshahara na jina kwenye faili, ili mahakama ijue ni nani aliyegeuza "ngeta" kuwa nini.

Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na makadirio hufikishwa mbele ya Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla. Ibara ya 221(5) ya Katiba inailazimu kamati ya Bunge inayoyachambua kutafuta maoni ya umma na kuyazingatia. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Bunge chini ya Ibara ya 120, na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya zina walimu na wanafunzi wanaoweza kuandika waraka wa kurasa tatu kuhusu kisanduku cha saa.