Somo la Mwenye Nyumba na Mpangaji Wake

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Nyeri. Sasa amestaafu, naye ataka kutumia malipo yake ya uzeeni kununua kiwanja Mukurweini, ajenge vyumba vya kupangisha walimu, wauguzi na makarani. Asema: "Nyumba naijua, kwani nimezaliwa katika nyumba ya wapangaji. Je, huko bara niangalie nini?" Tumeona swali hili lawafaa wengi, khasa wale ambao akiba yao yote ni moja na hawana ya pili. Kwa hiyo tumelifanya ndilo somo letu.

Jambo la kwanza ni ardhi. Sisi watu wa Mombasa tumezoea nyumba bila ardhi: huyu ana nyumba, yule ana ardhi, na mwenye nyumba humlipa mwenziwe kodi ya kiwanja. Mwenye kwenda na mazoea hayo Mukurweini ataingia khasarani. Mashamba ya Nyeri yalikusanywa, yakapimwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Huko ardhi na kilichojengwa juu yake huhesabiwa kitu kimoja. Ukijenga juu ya ardhi isiyo kwa jina lako, umemjengea mwingine.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ukatazame daftari: ardhi ni ya nani, imewekwa rehani, au imezuiliwa? Ikiwa ni shamba lililo nje ya soko, sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha Bodi ya Ardhi, nacho huombwa katika muda wa miezi 6 tangu kupatana. Pasipo kibali mauzo hayo ni batili, nawe hubakiwa na kudai fedha zako tu. Tena muuzaji akiwa na mke, ridhaa ya mkewe iandikwe. Ama kiwanja cha sokoni ambacho mwenyewe ana barua tu wala hana khati, usitosheke na barua hiyo mpaka uthibitishe kwa serikali ya kaunti.

Jambo la pili ni mapatano. Wengi wetu twaona haya kuandikiana, twasema: "Huyu ni mtu mwema." Kuandikiana si kumtuhumu mtu, ni kuwahifadhi nyote wawili na usahaulifu. Andikeni kodi ni kiasi gani, hulipwa tarehe gani, maji na taa ni juu ya nani, na anayetaka kuhama atoe habari muda gani mbele. Kila mmoja awe na nakala, na kila malipo yawe na stakabadhi. Zile fedha za dhamana unazopokea mwanzoni ni amana, si mali yako. Aliyezila, kisha siku ya kuhama akatafuta ufa ukutani ili apate sababu ya kutozirudisha, amefanya khiyana. Dawa yake ni nyepesi: kagueni chumba pamoja siku ya kuingia, mkaandike hali yake.

Jambo la tatu: duka si sawa na chumba cha kulala. Ukijenga duka au mkahawa mbele ya vyumba vyako, ujue kwamba iko sheria ya mwaka 1965 inayomlinda mpangaji wa biashara. Ikiwa hamkuandikiana, au mmeandikiana kwa muda usiozidi miaka 5, huwezi kumpandishia kodi wala kumtoa ila kwa notisi ya namna iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi 2. Naye ana haki ya kuipeleka mbele ya baraza la kodi za biashara.

Jambo la nne ndilo zito. Mpangaji asipolipa utafanyaje? Tumesikia wenye nyumba wanaotia kufuli mlangoni huku vyombo vya watu vimo ndani, na wengine wang'oao milango na mabati. Sheria haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mtu kwa mkono wake, na atendaye hivyo aweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa. Ama nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, hizo zina sheria yake tangu mwaka 1959, pamoja na baraza lake. Anza kwa maneno, kisha barua, kisha baraza au mahakama. Na ikiwa mshahara wake umechelewa, kumpa muda ni uungwana. Tena huwa ni faida, kwani chumba kitupu hakilipi chochote.

Jambo la tano ni ushuru wa serikali. Tangu 1 Januari 2024, mwenye kupata kodi za nyumba za kukaa kati ya shilingi 288,000 na 15,000,000 kwa mwaka hutoa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, bila kutoa gharama, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mfano: vyumba 8 vya shilingi 3,500 ni 28,000 kwa mwezi, yaani 336,000 kwa mwaka, ushuru wake ni 2,100 kila mwezi. Mwenye vyumba 4 vya shilingi 3,000 hupata 144,000 tu, naye hayumo katika ushuru huu, lakini yampasa kuyataja mapato hayo katika hesabu yake ya mwaka.

Basi ndugu yetu, usipige hesabu ya miezi 12 iliyojaa. Piga ya 10. Ile 2 ni ya vyumba vitupu na mabati yanayovuja. Ukiona hesabu yako yasimama kwa miezi 10, jenga. Ikiwa yasimama kwa 12 tu, ngoja kwanza, kwani akiba ya uzeeni haichumwi mara mbili.