Kabla Hujanunua Betri Nyingine, Kagua Waya Zake

HiAce ikigoma kuwaka alfajiri, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Mwenye gari anajipinda, ananunua mpya, gari linawaka vizuri siku chache, kisha ule mlio wa "tik" wa stata unarudi. Mara nyingi betri haikuwa na kosa. Umeme unapotelea njiani, kwenye tamino au ndani ya waya, na hilo unaweza kulitengeneza mwenyewe.

Stata ya dizeli huvuta ampea 200 na zaidi. Kwa mkondo huo, ukinzani wa omu 0.005 tu unakula volti 1 nzima kabla umeme haujafika kwenye stata. Ndiyo maana taa zinawaka na redio inaimba, lakini injini haizunguki.

Anza kwa kupima. Weka gia huru na uvute breki ya mkono. Weka mita kwenye volti za DC, waya wake mwekundu uguse nguzo ya chanya ya betri yenyewe, si tamino iliyoibana. Mweusi uunganishe kwa kibanio na waya mrefu hadi kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri, kisha toka chini ya gari kabisa ndipo mwenzako apige stata. Mita ikizidi volti 0.5 wakati stata inavuta, njia hiyo ina kasoro. Rudia upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi chuma kitupu cha injini. Hapo hata 0.3 ni nyingi. Upande huu wa eathi husahauliwa mno, nao ndio unaooza kwa tope na maji.

Sasa fungua. Vua pete na saa ya chuma, zima gari, toa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi unapiga shoti. Usivute sigara hapo, maana betri hutoa gesi inayolipuka. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa baking soda iliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu, ukiangalia isiingie ndani ya betri, kisha kausha na usugue nguzo na tamino hadi zing'ae.

Kama tamino inacheza hata baada ya kukazwa, usichomeke msumari wala kipande cha kopo. Huenda betri hiyo ina nguzo nyembamba. Tafuta kofia ya risasi ya kuvalisha nguzo, au tamino ya saizi yake.

Ubovu wa hatari zaidi umejificha chini ya mpira. Bonyeza waya karibu na tamino: ukiwa umevimba, au ukisikia kama mchanga ndani, shaba imeliwa. Chuna mpira uone. Nyuzi zikiwa nyeusi au za kijani, kata nyuma kidogo kidogo hadi ukutane na shaba nyekundu inayong'aa. Waya ukibaki mfupi, nunua mpya wenye unene uleule au zaidi. Usiunge kipande katikati.

Mwisho wa waya uvalishe lagi ya shaba inayolingana nao, ibanwe kwa mashine ya haidroliki. Mafundi wa sola wengi wanayo, na kubana ni kazi ya dakika chache. Nyundo haibani sawasawa. Risasi ya kuchomea nayo siipendi hapa: hupanda kati ya nyuzi na kuzifanya ngumu, zikatike kwa mtikisiko. Funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, maana tepu pekee hupitisha maji.

Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi juu baada ya kukaza, na ufunge waya mbali na ekzosi. Kisha pima tena kwa mita kama mwanzo. Injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi; ikibaki 12 na kitu, hamia kwenye altaneta.