Mke Wangu Hamtaki Yule Mwanamke wa Kwenye Santuri

*Shangazi, nina miaka 71, mstaafu, niko Tanga. Nimetunza santuri zangu za ujanani, nyingi ni za muziki mtupu usio na mwimbaji. Mke wangu anataka nizitupe, hasa moja ya Herb Alpert yenye picha ya mwanamke aliyejaa krimu. Anasema wajukuu wanaiona. Halafu siku hizi nikisikia "Popcorn" machozi yananitoka. Ndiyo kuzeeka vibaya huku?*

Shikamoo mzee wangu. Nianze na machozi, maana nadhani ndiyo yaliyokufanya uandike ingawa umeyaweka mwisho. "Popcorn" aliitunga Gershon Kingsley mwaka 1969 kwa kinanda cha umeme cha Moog, ikaja kuvuma duniani mwaka 1972 ilipopigwa na kundi la Hot Butter. Ni muziki wa mzaha, unadundadunda kama bisi kwenye sufuria, ndiyo maana kilio chako kinakushangaza. Lakini wimbo wenye maneno hukwambia ni nani aliyeachwa na ni nani anayelilia mapenzi. Huu haukukwambia lolote, ukaujaza mwenyewe: rafiki zako, suruali zenu za bugaluu, waliokwishatangulia mbele ya haki. Acha yatoke. Ila ukiona huli, hulali, au hutaki tena kukaa na watu, hapo nenda hospitali, usiisingizie santuri.

Sasa huyo mwanamke. Bila shaka ni *Whipped Cream & Other Delights*, ya Alpert na Tijuana Brass, mwaka 1965. Mweleze mama kwamba yule ni mwanamitindo Dolores Erickson, na siku ile alikuwa mjamzito wa miezi mitatu. Na kile kilichommwagikia mwilini si krimu ya kula, ni povu la kunyolea ndevu! Krimu halisi ingeyeyuka kwenye joto la taa za studio. Muziki wenyewe haukuwa na mwimbaji wa kuuzia sura, kwa hiyo jalada ndilo lililotumwa dukani kuwaita wanunuzi, na liliwaita kwelikweli. Santuri ile iliuzwa kwa mamilioni Marekani. Mimi naiona picha ya utani kuliko ya aibu.

Hata hivyo sebule si yako peke yako. Mama hajakosea kutotaka wajukuu waikodolee macho. Livishe jalada karatasi ya kaki, kama tulivyovisha madaftari ya shule, uliweke nyuma ya mengine. Kulichana au kulitenganisha na santuri yake, hapana. Halirudi tena, na santuri iliyo uchi inakwaruzika.

Kwa hali ya hewa ya pwani, zipange wima kama vitabu, usizirundike moja juu ya nyingine, na uziweke mbali na dirisha: jua huzipinda, unyevu huleta ukungu kwenye majalada. Unapozishika, shika kingo tu.

Kabla hujafunika lile jalada, mkaribishe mama akae, umpigie wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza, "A Taste of Honey". Ulishinda tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya mwaka. Akiupenda, mmeelewana. Asipoupenda, santuri inabaki, na jalada linavaa kaki leo hii hii.