SOMO LA AFYA: KIJANA AKIKOJOA DAMU



Ukikojoa damu, hata mara moja na bila maumivu, usinyamaze. Mara nyingi chanzo ni vijiwe au maambukizo, na hutibika. Lakini ipo saratani ya figo, adimu na kali sana, inayoanza hivyo hivyo. Madaktari wa Marekani waliieleza mwaka 1995 kutokana na wagonjwa 34, karibu wote wa miaka 11 hadi 39.

NANI AJIHADHARI?
Karibu wote wanaoipata wamerithi chembe ya selimundu (drepanositozi) kwa mzazi mmoja tu. Hawaugui selimundu yenyewe, hivyo wengi hawajijui. Usiogope: walio wengi wenye chembe hiyo hawapati saratani hii kamwe. Ikiwa mtoto wako ana selimundu, huenda ndugu zake wamebeba chembe hiyo.

DALILI
- Mkojo mwekundu au wa rangi ya chai nzito.
- Maumivu ya ubavu, mara nyingi wa kulia.
- Kukonda, homa, au uvimbe tumboni.

Usiseme tu, "Ni kichocho." Kichocho cha huku Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni cha tumbo: damu yake hutoka katika choo kikubwa, si katika mkojo.

INAVYOTAMBULIWA
1. Mkojo hupimwa kituoni.
2. Damu hupimwa kutafuta chembe ya selimundu.
3. Figo hupigwa picha ya ekografi, kisha ya skana.
4. Kipande kidogo cha uvimbe hutazamwa kwa darubini. Protini iitwayo INI1 ikikosekana, daktari hupata uhakika zaidi.

Vipimo vya 3 na 4 huhitaji hospitali kubwa, kama zile za Bujumbura: Prince Régent Charles, au ile ya Chuo Kikuu huko Kamenge. Kutoka kambini huendi bila barua ya rufaa.

UFANYE NINI?
Ukimaliza dawa na damu ikarudi, usingoje. Rudi kituoni useme: "Damu imerudi. Kwetu kuna selimundu. Naomba figo zipigwe picha." Tunza karatasi zote za vipimo. Ugonjwa huu huenea upesi, na wengi hugunduliwa umekwisha kufika mapafuni au penginepo. Ukionekana mapema, madaktari huweza kuiondoa figo na kutoa dawa kali.

Msomee pia jirani asiyejua kusoma.