Shanta Lililochakaa: Lishonwe au Linunuliwe Jipya?

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Neno hili lahusu shanta la mtoto wa shule kama lihusuvyo nyumba. Mkanda ukikatika njiani wakati wa masika, vitabu huanguka matopeni, na thamani ya vitabu mara nyingi hupita ya shanta lenyewe. Lakini mzazi mwenye shilingi chache aweza kukosa kwa njia mbili: kushona kilichooza, au kutupa kilicho kizima. Basi atambueje?

Kwanza, toa vitu vyote, ulikung'ute shanta, ulioshe kwa maji na sabuni, kisha ulianike kivulini, kwani jua kali hudhoofisha nailoni. Likikauka, ligeuze ndani nje ulitazame penye mwanga.

Pili, shika kitambaa pande mbili za mshono, ukivute. Ikiwa nyuzi ndizo zikatikazo na kitambaa ni kizima, fundi cherehani aweza kulitengeneza. Lakini ikiwa kitambaa chenyewe chachanika kando ya mshono, usipoteze fedha. Kila tundu la sindano litakizidishia udhaifu.

Tatu, chungua mikanda. Mkanda uliong'oka hurudishwa, iwapo kitambaa cha mahali pake kina nguvu. Mwambie fundi atie kiraka cha turubai kwa ndani, ashone mraba, kisha apitishe msalaba katikati yake. Hivyo uzito hugawanyika, wala hauvuti mahali pamoja tu.

Nne, tazama zipu. Meno yakiwa mazima lakini hayashikani, mara nyingi kosa ni la kichwa cha zipu kilicholegea. Hubanwa kidogo kwa koleo, au hubadilishwa. Meno yakiwa yameng'oka, sharti ibadilishwe zipu nzima.

Mwisho, muulize fundi bei ya kazi zote pamoja kabla hajaanza. Ikipita nusu ya bei ya shanta jipya lililo imara, afadhali kununua, maana la zamani laweza kuachia mahali pengine upesi. Hata hivyo usilitupe: bizimu, mikanda na vipande vizima vitafaa kutengenezea jingine.

Msomaji, usingoje mkanda ukatike. Lichungue shanta kila mwisho wa muhula. Uzi mchache uliotiwa mapema utamfikisha mtoto shuleni na vitabu vikavu.